Mohamed Amin, Aliyeanzia Mlangoni Kwake

Mwaka jana, katikati ya mwezi wa Oktoba, nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Kanyangi, upande wa Kitui, kumtazama mpwa wangu ambaye kazi ya ualimu imemtupa huko. Mtu wa pwani akitajiwa Kitui hufikiria jua na vumbi, nami sitawaficha wasomaji, vyote viwili nilivikuta. Kibwezi tuliiacha barabara kuu ya Nairobi tukashika ile ya Kitui, tukauvuka mto Athi, na tangu hapo mibuyu ndiyo iliyokuwa ikitupokea na kutuaga, mmoja mmoja, imesimama mbalimbali kama wazee waliogombana.

Mpwa wangu huyu ana maradhi ya kamera. Alipokuwa Mombasa alijinyima chakula cha mchana muda mrefu mpaka akapata fedha za kununua kamera ya maana, na tangu hapo hapakuwa na jahazi lililotia nanga Bandari ya Kale bila ya yeye kulipiga picha. Milango ya Mji wa Kale ameipiga yote, Fort Jesus ameipiga asubuhi na jioni, na nadhani paka wa mtaani kwetu hawakupata kupigwa picha nyingi kama walizopigwa na yeye. Lakini pale Kanyangi kamera niliikuta juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, na juu ya mfuko pana vumbi. Nilipomwuliza, alinijibu kwa masikitiko kwamba hapa hapana cha kupiga. Hapana bahari, hapana magofu, hapana sherehe. Pana duka, mwembe na punda.

Nikamwuliza kama amewahi kusikia habari za Mohamed Amin. Jina alilijua, kama vijana walijuavyo jina la barabara wanayopita kila siku bila ya kuuliza aliyeitwa hivyo alikuwa nani. Usiku ule, baada ya swala ya isha, tukakaa kibarazani penye taa moja na wadudu elfu, nikamsimulia. Niliyomsimulia ndiyo haya ninayowaletea wasomaji wa ukurasa huu, pamoja na yaliyotokea kesho yake, ambayo mimi sikuyatarajia.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Wazee wake walikuwa Waislamu waliotoka Punjab, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa mshahara mdogo na watoto wengi. Reli ndiyo iliyowahamisha wakaenda Dar es Salaam, Mohamed akiwa bado mtoto, na huko Dar ndiko alikokulia, akajua Kiswahili cha mitaani, akajua bandari, na akapata kamera yake ya kwanza. Ilikuwa kamera ya sanduku, Box Brownie, tena iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Wasioijua kamera hiyo nawaambia kwamba haikuwa na maajabu: sanduku jeusi, kioo kidogo, na kidude cha kubonyeza. Haikuweza kuvuta cha mbali kikaja karibu. Aliyetaka picha kubwa ya kitu ilimlazimu atembee kwa miguu yake mpaka akifikie. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo Mohamed Amin alipoipata tabia iliyomfuata maisha yake yote, ya kusogea.

Tena hakuwa na pa kwenda. Mtoto wa mfanyakazi wa reli hana nauli ya kwenda Serengeti kupiga simba. Alipiga alichokuwa nacho: wanafunzi wenzake, shughuli za shule, mji aliokuwa akiupita kila siku. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipomletea jambo la kupiga, alitoka kwenda kuyapiga kando ya njia, na picha zake zikaanza kuingia magazetini naye bado yu shuleni. Mashindano yalimkuta na kamera tayari shingoni.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wana neno. Mimi nilisoma chuoni kwa maalimu ambaye hakupata kupigwa picha maisha yake yote isipokuwa ile ya kitambulisho, na hiyo aliipiga kwa kuwa serikali ilimlazimisha. Sisi watoto wake tulifundishwa kwamba mwenye kuchora kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama akipulizie roho, na tukiogopa hata kuchora kuku katika ubao. Wanavyuoni wamehitilafiana katika suala la kamera, na kila mmoja ana hoja yake. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, alitoa fat-wa kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, si kuumba, kwa hiyo haimo katika katazo. Wengine hawakuridhika nayo. Mimi si mufti, na suala hilo nawaachia wenyewe.

Pwani yetu, hata hivyo, haikungoja ikhtilafu ziishe. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa watu wa rika la wazazi wangu walijipamba wakaenda kwa Parekh. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, mtu aliyejifundisha kazi hiyo mwenyewe, akikata picha na kuziunganisha mpaka mji ule mdogo ukatoka na mambo ambayo mwenye macho ya kawaida hakuyaona. Hawa wote walipiga picha za majirani zao. Ukifungua kabati za mabibi zetu leo, baina ya udi na vyeti vya ndoa, ni picha hizo utakazozikuta. Mohamed Amin ni wa ukoo huo huo, ila yeye jirani yake alikuja kuwa dunia nzima.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kampuni yake pale Dar es Salaam akaiita Camerapix. Angalia bahati ya mtu aliyebaki kwao. Tanganyika ilikuwa imepata Uhuru mwezi wa Desemba 1961. Mwezi wa Januari 1964 Unguja ikapinduliwa, na kabla mwezi huo haujaisha askari wa Tanganyika wakaasi papo hapo Dar es Salaam. Waandishi wa Ulaya walikuwa wakitafuta ndege na ramani, naye alikuwa mtu wa mji, anaijua njia, anaijua lugha, anajua nani ana mashua. Akavuka Unguja na kamera yake, na picha zake za siku zile zikaonekana nchi za mbali.

Lakini jirani naye huchoka kutazamwa. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa kupiga mambo ya kijeshi ambayo wakubwa hawakutaka yaonekane, akatiwa katika gereza la Kiinua Miguu, akakaa takriban mwezi mzima katika mateso. Alipotolewa alifukuzwa Tanzania. Mji aliokulia na ulimompa kamera ukawa haumtaki tena, akarejea Nairobi alikozaliwa na kuihamishia kampuni yake huko. Watu wengi wa pwani yetu wanajua maana ya kuhama kwa ghafla mwaka kama ule, na sina haja ya kueleza zaidi.

Nairobi nayo akaianza upya kama alivyoianza Dar, mtaa kwa mtaa. Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Mohamed Amin alifika pale upesi kuliko wenzake, akapiga sinema ya yule mtu mashuhuri akikimbizwa hospitali katika dakika zake za mwisho. Picha hizo zilimpatia tuzo Uingereza. Hapo mpwa wangu alinikatiza. Alitaka kujua mtu anawezaje kuinua kamera mbele ya mtu anayekata roho. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia angoje, maana suala hilo lilikuwa bado linakuja, na litakuja kubwa zaidi.

Miaka iliyofuata nitaipita mbiombio, kwa kuwa mtu huyu alikwenda kila mahali na ukurasa huu ni mmoja. Vita, mapinduzi, kufukuzwa kwa Wahindi Uganda mwaka 1972, vyote alivishuhudia. Mwaka 1980, Idi Amin akiwa amejificha uhamishoni Saudi Arabia na dunia haijui anaishi vipi, ni yeye pamoja na Brian Barron wa BBC waliomfikia na kumhoji. Amin kwa Amin, wala si ndugu.

La Makka ndilo ninalopenda kulisimulia. Alipata ruhusa ya kupiga picha Hija, jambo ambalo wapiga picha wakubwa wa Ulaya hawawezi hata kuliota, kwani mji ule haukanyagwi na asiyekuwa Mwislamu. Kitabu chake cha picha za Hija kilitoka mwaka 1978. Nilikiona kwa mara ya kwanza nyumbani kwa sheikh mmoja mjini kwetu. Bibi mmoja, aliyekuwa ametunza fedha zake kwa miaka mingi akitarajia kwenda na hakujaaliwa, alifunguliwa kitabu kile katika mapaja yake, akakaa nacho kuanzia alasiri mpaka magharibi. Hakusema kitu. Aligeuza kurasa kwa ncha ya kidole, na alipofika kwenye Al-Kaaba alikitoa kidole asiiguse. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, ambaye kichwani mwake kuku wa ubaoni bado alikuwa dhambi kubwa, na nilimtazama yule bibi kuliko nilivyokitazama kitabu.

Alifanya na vitabu vingine vingi, akishirikiana na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Alilizunguka Ziwa Turkana kwa magari, kikatoka kitabu mwaka 1981. Alitoa kitabu cha safari ya Kenya mwaka 1982 na cha Tanzania mwaka 1984, ile Tanzania iliyomfukuza. Na mwaka 1986 kikatoka kitabu cha reli ya Afrika Mashariki. Wenye kuhesabu vitabu vyake hukipita hicho bila ya kukitazama mara ya pili. Mimi nakiona vingine. Mtoto wa mfanyakazi wa reli, baada ya kuona vita na wafalme, amerudi akainamia mataruma na mabehewa na vituo vidogo ambavyo treni husimama dakika tano.

Basi tumefika mwaka 1984.

Ethiopia ilikuwa na ukame, na pamoja na ukame ilikuwa na vita, na serikali ya Mengistu ilikuwa imeshughulika na sherehe za kutimiza miaka 10 ya mapinduzi yake. Watu wa kaskazini walikuwa wakifa kwa maelfu, na wakubwa hawakutaka hayo yaonekane. Mohamed Amin, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi ya shirika la Visnews, alihangaika na ruhusa mpaka akazipata, na mwezi wa Oktoba akaingia Korem, katika jimbo la Wollo, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Walifika alfajiri. Uwanda mzima nje ya mji ule ulikuwa umejaa watu waliolala katika baridi, na baina yao wengi hawakuwa wamelala. Alipita katikati yao na kamera begani.

Picha zile zilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984, kisha vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani vikazionyesha, na waliozitazama wanahesabiwa kwa mamia ya milioni. Waliotazama hawakukaa kimya. Mwimbaji Bob Geldof aliwakusanya wenzake wakatoa wimbo kabla mwaka haujaisha, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanywa ile tamasha ya London na Philadelphia. Ndege za nafaka zikaruka, na mamilioni ya fedha yakachangwa. Ni nadra mtu mmoja mwenye kamera kuonekana wazi kwamba amewaokoa watu wasio na hesabu, na huyu alionekana.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana mdogo Mombasa. Moja katika picha hizo niliiona gazetini, wakati wa chakula cha mchana, na baba yangu alilikunja gazeti akaliweka chini ya mkeka, kisha akasema sahani ziondolewe. Hakuna aliyekula siku ile. Lakini hakuna katika nyumba yetu aliyejua kwamba mwaka huo huo, masafa ya siku moja tu kutoka kwetu, Ukambani kulikuwa na njaa. Niliyajua hayo nikiwa mtu mzima. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina lake, na ile ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa huku nimeshika. Fedha zilikuwa mkononi, na chakula cha kununua hakikuwako. Sikuwahi kuona picha ya njaa hiyo. Jina tu ndilo lililobaki.

Nilipofika hapo mpwa wangu alinyamaza kwa muda, kisha akalirudia suala lake. Nikamwambia maoni yangu, na ninayasema hapa pia ingawa najua hayawafurahishi wote. Wapo wanaomlaumu marehemu kwamba picha za Korem zimelipa bara zima uso mmoja, uso wa mtoto mwenye njaa na nzi, na kwamba tangu siku ile kila mzungu akiitaja Afrika huuona uso huo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini siyo yake peke yake. Yeye alipiga na Turkana, na Makka, na reli, na vituo vidogo vya treni. Dunia ndiyo iliyochagua ikumbuke kipi. Na laiti asingeinua kamera siku ile Korem, wale watu wangalikufa hivyo hivyo, tena gizani.

Niliyasema hayo kwa uhakika wa mtu aliyekunywa chai ya tangawizi. Kesho yake asubuhi uhakika ule ulipungua.

Tulitoka mapema, mpwa wangu na kamera yake, pamoja na mwalimu mwenzake, mwenyeji wa hapo. Nilikuwa nimemwekea sharti kwamba asipige chochote kilicho mbali zaidi ya mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwake. Alipiga mwembe wa sokoni na fundi cherehani chini yake. Alipiga kinyozi, na kibao cha kinyozi, ambacho kilikuwa na kichwa kisichofanana na mtu yeyote aliyepata kuzaliwa. Tukateremka mtoni. Mto wenyewe wakati ule wa mwaka ni mchanga mtupu, mpana na mweupe kama ufuo wa kwetu bahari ikitoka, na katikati yake wanawake walikuwa wamechimba visima wakiteka maji kwa vibuyu, kidogo kidogo, wakijaza mitungi ya plastiki, na punda wanangoja. Mwanga ulikuwa bado wa chini, na vivuli vya punda vilikuwa virefu kuliko punda. Nikaona jicho la kijana limewaka.

Aliinua kamera. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa ameinama juu ya kisima, aliinuka, akavuta nguo yake, akatupa mgongo. Kisha akasema maneno mengi kwa Kikamba, bila ya hasira. Yule mwalimu aliona haya kidogo kututafsiria. Bibi alikuwa amesema kwamba miaka ya njaa walikuja watu na kamera, wakampiga akiwa na sufuria tupu na mtoto mgongoni, wakaenda zao. Picha ile hajaiona mpaka leo. Mtoto yule sasa ana watoto wake. Lakini yeye hajui ni nchi gani huko ambako bado ana njaa.

Mpwa wangu aliishusha kamera, akaitia katika mfuko. Nilitaka kusema neno na sikulipata. Ndipo bibi yule, naye wote pale humwita Susu, akaongeza jambo kwa yule mwalimu huku akiendelea kuteka maji. Alisema kama huyu kijana ni mwalimu wa hapa na si mpita njia, basi aje nyumbani kwake kesho, atakapokuwa amevaa.

Usiku ule nilimalizia hadithi ya Mohamed Amin, na haikuwa na maneno mengi iliyobaki. Mwezi wa Juni 1991, utawala wa Mengistu ulipokwisha kuanguka, ghala la silaha liliripuka Addis Ababa. Alikwenda kupiga, akasogea kama ilivyokuwa desturi yake, na mripuko mwingine ukamkata mkono wa kushoto. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa papo hapo. Watu walidhani amekwisha kazi. Alipata mkono wa bandia, akajifundisha kuishika kamera upya, akarejea kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, yeye na rafiki yake Brian Tetley. Vijana watatu waliiteka ndege ile wakataka iwapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, nao hawakusadiki. Inasimuliwa na waliosalimika kwamba Mohamed Amin aliinuka katika kiti chake, akawa anazungumza na watekaji na kuwahimiza abiria wenziwe. Mafuta yakaisha juu ya bahari yetu hii, na ndege ikaangukia majini karibu na ufuo wa Ngazija, mbele ya hoteli ya Galawa. Katika watu 175 waliokuwamo walikufa 125, naye akiwa miongoni mwao, na Tetley vile vile. Watu wa hoteli na wenyeji waliingia baharini kuwaokoa waliobaki hai. Alikuwa na umri wa miaka 53, umri ambao mimi ninayeandika haya nimeshaupita. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kampuni yake aliirithi mwanawe, Salim, ambaye ameihifadhi hazina ile ya picha.

Kuanguka kwa ndege ile kulipigwa sinema. Mtu mmoja aliyekuwa katika matembezi yake pale ufuoni, asiyekuwa mwandishi wa habari, alikuwa na kamera ya kupigia mambo ya likizo, akaielekeza baharini, na ndege ikaingia katika picha. Ubawa unagusa maji kwanza, kisha mwili unavunjika. Wengi wenu mmeiona. Ilizunguka dunia nzima kama zilivyozunguka za Korem, na aliyeipiga hakuwa amesafiri kuitafuta. Alikuwa akitazama bahari iliyo mbele ya chumba chake.

Kesho yake tulikwenda kwa Susu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, la samawati, na kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa ameshachagua mwenyewe mahali: mbele ya ghala lake, juu ya kiti chenye mgongo, debe la pojo, ambazo wenyewe huziita ndengu, likiwa karibu na mguu wake wa kulia. Mbuzi nao alitaka waingie. Mpwa wangu alihangaika sana na wale mbuzi, kwani Susu alitaka wahesabike wote sita, na mbuzi wa sita hakuwa na nia ya kupigwa picha. Kazi ile ilichukua muda wa kutosha kupika wali. Nakiri kwamba kwa macho yangu picha ya mtoni ingekuwa nzuri zaidi, kwa ule mwanga na vile vivuli. Haikupigwa.

Picha zilisafishwa Kitui mjini, nakala mbili. Moja alipelekewa Susu mwenyewe, akaichunguza, akahesabu mbuzi, akaridhika. Ya pili alinipa mimi katika bahasha nimpelekee binti yake, ambaye ameolewa na kukaa Changamwe, na hajapata kwenda kwao kwa miaka mitatu. Nilimfikishia siku ya pili baada ya kurudi. Aliitoa picha pale pale mlangoni, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mlango wa ghala umetengenezwa lini, na nani aliyeutengeneza.